Chengachenga za Raba

Aliyenisimulia mkasa huu ni fundi miwani, siku niliyokwenda kwake kupimwa macho. Ni mwanamke anayeshinda kutwa akipima nyuso za watu kwa milimita, na mtu wa milimita hana mazoea ya kutia chumvi. Mambo yenyewe yalimpata baba yake mzazi, mchana kweupe, katika chumba chenye dirisha pana na mwanga tele. Anayesubiri giza asisubiri. Halimo.

Baba huyo alikuwa mchoraji wa hadithi za picha na vitabu vya historia, na wenzake wa kazi walimwita Wino. Kwa miaka thelathini na mitatu siku zake zilifuatana bila kubadilika. Asubuhi alikaa mezani, uso dirishani, akapiga wino juu ya michoro aliyoianza kwa penseli jana yake. Saa saba alikula. Saa nane alijinyoosha kwenye kitanda kidogo kilichokuwa humo humo chumbani, akageukia ukuta, akalala saa nzima ili wino upate kukauka. Alipoamka, ukurasa ulikuwa safi. Penseli yote imefutwa, umebaki wino peke yake, mweusi ti.

Aliyefuta alikuwa mkewe. Mtu asiidharau kazi hiyo. Penseli ikibaki, kitabu hutoka mashineni na uchafu kama uso usiooshwa. Na ukifuta wino ungali mbichi, kazi ya siku tatu imekwenda na maji. Mama huyu alikuwa na mkono mwepesi. Raba yake aliitoboa tundu, akaitia uzi wa kijani na kuivaa shingoni, maana alichoka kuitafuta chini ya makaratasi. Alifuta kwa mwendo mmoja, sha, sha, sha, akapuliza, kisha akazikusanya chengachenga za raba kwa kiganja na kuzirundika kwenye kona ya kulia ya meza, kirundo kidogo kama kazi ya sisimizi. Kule kwa wachapaji walimwita Mama Raba, na jina hilo alilipokea kwa kicheko.

Asipokuwa anafuta, alikaa kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mumewe, akichambua mboga au akishona kifungo. Alikuwa na neno lake: "Bwana, geuka basi." Wino naye alikuwa na lake: "Ngoja kidogo, namalizia." Mke alijibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo, akacheka, akaendelea kukaa. Miaka ikapita hivyo, yeye akiutazama mgongo na mgongo ukichora.

Wino alianza ujanani kwa vikatuni vya gazetini, vya kuchekesha watu wakiwa kwenye foleni. Kilichompa jina ni historia ya Malkia wa Mtoni, hadithi ya picha iliyokwenda vitabu kumi na tisa. Malkia huyo alikufa zamani kabla ya kamera, wala hakuna aliyejua alivyofanana. Wino akamtungia sura. Macho yaliyoachana, paji pana, kidoti cheusi kwenye shavu la kushoto. Watu waliipenda sura ile hadi ikaingia vitabu vya shule, na mchongaji mmoja akaisimamisha kwa saruji katikati ya uwanja. Leo mwambie mtoto kwamba malkia hakuwa na kidoti, atakuona umerukwa na akili.

Na mzee alikuwa makini, tusimnyime haki yake. Alikwenda makumbusho na kamba mfukoni kupima urefu wa mikuki. Aliwahi kugombana na profesa mzima juu ya namna askari wa zamani walivyofunga viatu, na profesa ndiye aliyeomba radhi. Mkewe alimtania mbele ya wageni: bwana huyu anajua mshono wa kiatu cha marehemu wa miaka mia mbili, lakini muulizeni kama mkewe ana mwanya. Wageni wakaangua kicheko. Wino naye akacheka, penseli mkononi, bila kugeuka kuhakikisha.

Kitu kimoja tu mama yule alikuwa akikiomba, tena kwa utani utani ili kisiwe kizito. Achorwe na yeye. Aliyechora maelfu ya watu asiowajua, hata farasi wao, hashindwi kumchora mmoja anayempikia. Wino alikubali kila mara. Nikimaliza kitabu hiki, alisema. Kitabu kiliisha, kingine kikaanza wiki ile ile.

Kilipofika cha kumi na tisa, cha mwisho, mama akaugua. Hakukaa sana hospitali. Wino alihamia huko na ubao wake wa kuchorea, akawa anachora akiwa ameupakata magotini, maana mhariri alikuwa akingoja. Zilipobaki kurasa nne, mchana mmoja, mama akafariki. Binti alikuwa kazini. Alipofika alimkuta baba yake amesimama ukumbini, na swali lake la kwanza likawa kama mama alikuwa peke yake.

"Nilimshika mkono mpaka mwisho," Wino akamwambia. "Nilikuwa namtazama."

Binti aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Ndiyo yaliyomwezesha kula, ndiyo yaliyomwezesha kulala. Siku ya maziko, kabla mama hajafunikwa, Wino alimtilia raba yake kiganjani na uzi ule wa kijani akauzungusha vidoleni. Aliyeyaona hayo ni binti peke yake. Wakamzika.

Majuma matatu baadaye mhariri alikuja kutoa pole. Alikaa, akanywa chai, akazunguka zunguka, mwishowe akasema lililomleta. Kurasa nne zilizobaki zinangojwa. Na kama mzee ataweza, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu cha mwisho kabisa, wangependa picha ya Mama Raba, sura yake, ili wasomaji wamjue. Wino aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa deni la miaka thelathini na mitatu, na sasa lilikuwa limepewa tarehe.

Akarudi mezani. Siku ya kwanza alipiga wino ukurasa mmoja, akala alichoachiwa na binti, na saa nane akalala, uso ukutani, kwa mazoea tu. Alipoamka alikaa kitandani akijiandaa kufuta mwenyewe. Hakuwa na cha kufuta. Ukurasa ulikuwa safi. Kwenye kona ya kulia ya meza palikuwa na kirundo kidogo cha chengachenga.

Alifikiri ni binti. Akampigia simu, akamkuta dukani, na wateja mbele yake tangu asubuhi. Akafikiri ni yeye mwenyewe, huzuni imemfanya afute akiwa usingizini. Lakini Wino hakuwahi kujua kufuta. Akifuta huacha mawingu kwenye karatasi, na karatasi hii haikuwa na wingu. Alizigusa zile chengachenga kwa ncha ya kidole. Kisha akainama mezani akalia, na kilio chenyewe, alivyokuja kumweleza bintiye, kilikuwa zaidi cha furaha.

Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Alianza kuweka ukurasa vizuri kabla ya kulala, kuufuta vumbi, kuuelekeza upande alioupenda mkewe. Alianza kusema ahsante. Kigoda akakipangusa. Mtu angedhani amefufuka, na jirani mmoja alimwambia binti kwamba mzee anapendeza siku hizi, sijui anakula nini.

Kurasa nne zikaisha. Ukabaki ule mmoja wa ziada, wa sura.

Akamchora mkewe kwa penseli, asubuhi nzima, kwa pendo lote alilokuwa nalo. Alipomaliza aliona amempata. Akala, akalala. Alipoamka, karatasi ilikuwa nyeupe pe. Kirundo kikubwa zaidi kilikuwa konani.

Akachora tena kesho yake. Ikafutwa. Akamchora akicheka, akamchora akiinamia mboga, akamchora ubavu. Zote zikafutwa, na kila siku karatasi ilikuwa imesuguliwa kwa nguvu kuliko jana, hadi nyuzi zake zikasimama kama manyoya. Wino hakuelewa. Alichoombwa maisha yote ndicho anachokitoa, na kinakataliwa. Siku ya sita alimwita binti aje mapema, aione picha kabla ya saa nane.

Binti aliitazama muda mrefu. Yeye nyuso ndiyo kazi yake.

"Baba," alisema taratibu, "huyu siye mama."

"Siye vipi?"

"Macho ya mama yalikaribiana, nilikuwa nampimia miwani. Haya yameachana. Na mama hakuwa na kidoti." Akakiwekea kidole. "Huyu ni Malkia."

Wino alichukua picha akaipeleka dirishani. Alikuwa amekitia kidoti kwa uangalifu, akikumbuka kabisa kwamba kilikuwa shavu la kushoto. Angeapa. Basi akachukua picha ya kitambulisho cha marehemu, ile ambayo mwenyewe alisema imemfanya afanane na mwizi wa kuku, akaiweka mbele yake na kuanza upya. Jicho lilitazama kitambulisho, mkono ukafuata njia yake. Miaka yote hiyo ulikuwa umechora mwanamke mmoja mara elfu kumi, na haukujua mwingine. Kila uso wa kike ulioanza karatasini ulimaliza ukiwa wa malkia. Akafumba macho amtafute mkewe huko ndani. Malkia alikuwa amekaa hata huko.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na haikuwa hofu ya mzimu. Aliogopa kwamba hakuwa na sura ya mkewe popote. Sauti alikuwa nayo, hatua alikuwa nazo, harufu ya sabuni alikuwa nayo. Sura hakuwa nayo, kwa sababu hakuwa ameitazama.

Mtu akishikwa na hofu ya namna hiyo hufanya upumbavu. Wino aliamua kwamba tatizo ni penseli. Wino haufutiki. Siku ya saba akaichora sura ile moja kwa moja kwa wino, bora yeyote kuliko kukosa, akajisemea, angalau ibaki. Saa nane akajilaza, akageukia ukuta. Safari hii hakulala. Alifumba macho tu.

Nje kulikuwa na jua. Mtu alikuwa akipiga deki mahali. Redio ya jirani ilitangaza bei za vitu, ikazimwa.

Kiti chake kililia, kama kinavyolia mtu anapokaa.

Sha. Sha. Sha.

Aliujua mwendo ule kuliko mapigo ya moyo wake. Sha, sha, sha. Pumzi ikapuliza. Kimya. Halafu ukaanza tena, mzito zaidi. Wino haufutiki, alitaka kumwambia, mke wangu wajua haufutiki. Sauti haikukoma. Ikawa ya kukwaruza. Karatasi ikachanika, alisikia. Bado ikaendelea. Sasa ilikuwa ikisugua mbao.

Kisha ikanyamaza.

Kiti kililia tena. Hatua moja. Ya pili. Zilikuwa hatua za ndara, zile za kuburuta kidogo mguu wa kulia. Zikasimama nyuma yake. Godoro halikubonyea. Lakini shingo yake ilipata ubaridi, na ndani ya ubaridi palikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa, na kwa mbali sana, sabuni.

"Bwana," sauti ikanong'ona. "Geuka basi."

Hakugeuka.

Alilala vile, macho kwenye rangi ya ukuta, mpaka saa tisa ilipogonga. Alipoinuka, karatasi ilikuwa na tundu mahali pa uso. Chini ya tundu, meza ilikuwa imelika shimo la kina cha kidole. Kona ya kulia kirundo kilikuwa kimepangwa vizuri, na kando yake ilikuwa imelazwa raba iliyoisha nusu, yenye tundu, na uzi wa kijani. Uzi ulikuwa umelowa. Udongo mwekundu ulikuwa umeingia ndani ya fundo.

Binti alipoiona raba hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akauliza kama kuna mtu amefukua kaburi. Wakaenda wote wawili jioni ile ile. Kaburi lilikuwa zima, majani yameanza kuota juu yake, hata nyayo ya kuku haikuwepo.

Akamsihi baba yake ahame, akakae kwake. Wino alikataa. Alikuwa amekonda kwa siku moja. Alisema mkewe hana ubaya, ila kuna kitu anataka, na amekuwa akipewa kisicho chake. Kisha akasema jambo ambalo binti hakulielewa mpaka alipoliona kwa macho.

"Mama yako hakuwahi kushika penseli. Kwenye karatasi alijua kuondoa tu. Basi mimi nimpe cha kuondoa."

Kesho yake alichukua karatasi kubwa kuliko zote na penseli laini kuliko zote, akaanza kuipaka. Hakuchora kitu. Aliijaza weusi tangu ukingo hadi ukingo, penseli moja ikaisha, akashika ya pili, mpaka karatasi ikang'aa kama sufuria la masizi. Akaiweka mezani, akafunika lile shimo. Juu yake akaweka raba. Saa nane yeye na binti wakatoka, wakafunga mlango, wakaketi sebuleni kwenye kochi moja.

Binti ameniambia kwamba hadi dakika hiyo alidhani baba yake anaugua. Alikuwa ameshamwulizia daktari. Halafu akasikia, kwa masikio yake, nyuma ya mlango uliofungwa.

Sha. Sha. Sha.

Taratibu. Bila hasira. Kama zamani, alipokuwa mtoto akifanya kazi za shule chini ya meza ile na sauti ile ikimtia usingizi. Alimtazama baba yake. Wino alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe. Alikuwa akingoja sura. Saa nzima walikaa hivyo. Mwisho pumzi ikapuliza. Kiganja kikakusanya. Kimya.

Waliingia pamoja.

Katika weusi ule mwanga ulikuwa umetolewa kwa raba, kwa mkono usiojua kuchora lakini unaojua kabisa ulichokiona. Lilikuwa dirisha la vioo sita, pazia limefungwa fundo upande mmoja. Pembeni ilining'inia chupa ya maji ya dripu. Mbele ya dirisha, peusi, pasipoguswa, palikuwa na mgongo wa mwanamume aliyeinama. Kola yake ilikuwa imekunjika vibaya. Kiwiko kilikuwa kimenyanyuka, cha mtu anayechora. Yote yalionekana kutoka chini, kama aonavyo mtu aliyelala juu ya mto. Na huku chini kabisa, juu ya shuka, palikuwa na mkono mwembamba uliofunguliwa, kiganja juu. Hakuna aliyeushika.

Hapakuwa na sura yoyote. Si yake, si ya malkia.

"Baba," binti akauliza, "hapa ni wapi?"

Wino aliuinamia ule mkono uliofunguliwa.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Wa mama yako."

"Mbona hujaushika?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wino ilikuwa imefika ukutani. Akamwambia. Mchana ule hospitalini alikuwa amekigeuzia kitanda mgongo ili apate mwanga wa dirisha. Alikuwa anapiga wino jicho la malkia, jicho moja tu, kazi ya dakika chache. Mama aliita, "Bwana, geuka basi." Akamwambia angoje kidogo, anamalizia. Akaita tena, kwa sauti ndogo zaidi, na yeye akaitikia kwa mguno maana alikuwa amebana pumzi mkono usitetemeke. Hakuita mara ya tatu. Wino alimaliza jicho. Akalipuliza likauke. Ndipo alipogeuka.

"Uliniambia ulikuwa unamtazama," binti alisema.

"Nilikwambia."

"Mimi nimelalia neno hilo, Baba. Kila siku nimelalia neno hilo."

Alichukua mkoba wake akatoka, akaufunga mlango bila kuubamiza, na hilo lilimuumiza Wino kuliko kama angeubamiza. Siku tisa hakuja wala hakupokea simu. Siku tisa hizo mzee alikaa peke yake na picha ile. Saa nane ikifika, hakulala. Alikigeuza kiti chake kikatazama nyuma, kikawa uso kwa uso na kigoda. Akakaa akikitazama kigoda mpaka machozi yakamtoka, mikono mitupu, bila penseli. Alisema kwa sauti, tena na tena, "Nimegeuka. Mke wangu, nimegeuka."

Hakuna aliyekuja. Raba haikusogea pale ilipokuwa. Kurasa alizoziacha makusudi na penseli zilibaki na penseli. Alikuwa amepewa kila alichokuwa nacho mama yule cha kutoa, na sasa alikuwa na muda wote duniani wa kutazama, na kigoda kilikuwa kitupu.

Mhariri alipewa ukurasa wa mwisho ukiwa mweupe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, Wino aliandika kwamba penseli zote za vitabu hivi zilifutwa na mkewe. Wachapaji walidhani ni makosa, wakapiga simu mara mbili kuuliza.

Siku ya kumi binti alirudi. Alikuwa amekata kioo yeye mwenyewe kwenye mashine yake ya dukani, na fremu, na gundi. Hakusema kwamba amesamehe, wala Wino hakuuliza. Waliitia picha kwenye fremu, wakaziba kingo zote nne kwa gundi hata unyevu usipite, wakaitundika ukutani mbele ya kiti kilichogeuzwa. Kisha binti akampikia baba yake, wakala, na kwa mara ya kwanza tangu msiba walimlilia mama pamoja, kila mmoja akimpa mwenzake leso.

Haya yalikuwa mwaka jana. Nilidhani yameishia hapo, nikataka kushukuru na kusimama, lakini fundi miwani aliniambia nikae, hajanipima bado.

Kila Jumamosi huenda kwa baba yake. Jumamosi moja alisimama mbele ya picha akaona kitu ambacho hakikuwepo. Yule mtu wa dirishani alikuwa na sikio. Alikuwa mgongo mtupu na kisogo, sasa ubavuni mwa kisogo palikuwa na ukingo mweupe wa sikio, umefutwa vizuri, bila wingu. Alidhani macho yamemdanganya. Alitoa mkobani rula yake ya kupimia wateja, akapima, akaandika. Jumamosi iliyofuata akapima tena.

Sasa baba yake haoni vizuri, hata kwa miwani aliyomtengenezea. Kwa hiyo humwuliza kutoka kitini, akiwa amekielekea kigoda.

"Amegeuka kiasi gani?"

"Milimita mbili, Baba. Shavu limeanza kuonekana."

"Bado kidogo," husema mzee. Wala hasemi kwa hofu. Husema kwa sauti ya mtu aliyechelewa mahali, ambaye sasa ameiona nyumba.

Binti hajawahi kukifungua kioo. Gundi ni ile ile, kingo ni zile zile. Lakini ndani ya kioo, chini, kwenye kona ya kulia ya fremu, pana kirundo kidogo cha chengachenga za raba, na kila wiki kinaongezeka.

Ameshapiga hesabu, maana ndiyo kazi yake. Kwa mwendo ule, mtu yule atakuwa ameugeukia mkono ulio kitandani baada ya Jumamosi kumi na moja. Hesabu hiyo hajamwambia baba yake. Ila wiki hiyo ameomba likizo dukani. Anataka akae naye pale chumbani mchana, saa nane, kiti kwa kiti. Anataka amshike mkono mpaka mwisho, na amtazame.